Sura ya Tano: Shoka Ndani ya Bawa

Utete, nzi yeyote anayeuma ng'ombe huitwa mbung'o. Akitua shingoni mwa ndama akachoma mpaka damu ikatiririka, mbung'o. Akiingia kwenye gari lililoegeshwa chini ya mwembe akamuuma dereva kupitia soksi, mbung'o huyo huyo. Wafugaji waliotoka bara humwita ndorobo, lakini shutuma haibadiliki. Tatizo ni kwamba shutuma hiyo hutolewa bila mtu kumtazama mshutumiwa. Nzi amekwisha kupigwa kofi, amepondeka, na ushahidi umefutwa kwenye suruali.

Gharama yake anailipa mwenye ng'ombe. Anaona mnyama amekonda, manyoya yamesimama, anajikokota nyuma ya kundi. Anakumbuka nzi waliokuwa wakimsumbua wiki iliyopita, anakwenda duka la pembejeo kununua dawa ya nagana, anachoma sindano mwenyewe. Kumbe mnyama ana ndigana, ugonjwa wa kupe, na dawa ile haimsaidii kitu. Mwezi unaofuata anarudia, safari hii kwa nusu dozi ili ipatikane ya kumtosha na jirani. Hivyo ndivyo vimelea vinavyofundishwa kuizoea dawa.

Sura hii inahusu kazi ndogo ambayo mtu yeyote mwenye macho mazuri, au mwenye kioo cha kukuzia cha bei nafuu, anaweza kuifanya kabla ya kufika dukani: kumtambua mbung'o kwa maumbile yake, na akishamtambua, kujua ni mbung'o yupi. Hatua ya pili ndiyo inayorukwa na wengi, hata miongoni mwa wale wanaolipwa kuifanya.

Mahali penyewe panastahili maelezo kidogo. Utete, makao makuu ya Wilaya ya Rufiji, iko ukingo wa kusini wa Mto Rufiji. Mbele yake kuna bonde la mafuriko linalolimwa mpunga na mahindi. Nyuma yake kuna vichaka na misitu inayopanda kuelekea vilima vya Kichi. Ukifuata mto kwenda chini unafika kwenye delta na mikoko yake, eneo ambalo siku hizi limo Wilaya ya Kibiti. Ukipanda nao unafika Mloka, na hapo ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Msitu wa kando ya mto, kichaka cha pwani, miombo na wanyamapori wakubwa, vyote vimo ndani ya mwendo wa saa chache kwa pikipiki. Kwa mbung'o, hapa ni nyumbani pa siku zote.

Ndiyo maana Warufiji na Wandengereko walikuwa wakulima na wavuvi, si wafugaji wa ng'ombe. Mtu hakuhitaji kitabu kujua kwamba ng'ombe hadumu hapa. Hali ilibadilika baada ya mwaka 2006, serikali ilipowaondoa wafugaji katika bonde la Usangu kule Mbarali ili kulinda maji ya Mto Ruaha Mkuu. Makundi makubwa ya mifugo yalielekezwa Rufiji, Kilwa na Lindi. Wasukuma, Wabarbaig na Wamaasai wakafika na ng'ombe wao katika nchi ambayo ng'ombe waliiogopa. Mwaka 2011 watafiti wa Kitanzania wakiongozwa na Imna Malele walichapisha matokeo ya kuwakagua mbung'o wa Rufiji, na waliyoyakuta hayakuwa ya kufariji: ilikuwa kawaida nzi mmoja kubeba aina zaidi ya moja ya tripanosoma, vimelea vinavyosababisha nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu.

Basi tumtazame.

Hesabu mabawa kwanza. Nzi, awe wa aina gani, ana mabawa mawili tu. Nyuma ya mabawa hayo ana vigongo viwili vidogo vinavyomsaidia kujisawazisha hewani. Mdudu mwenye mabawa manne ni nyuki, nyigu au kitu kingine, na sura hii haimhusu.

Kisha mwangalie akiwa ametua. Nzi wa nyumbani akitulia huacha mabawa yake yametanuka kidogo pembeni, kama pembetatu. Mbung'o hulaza bawa moja juu ya jingine, yakalingana sawasawa mgongoni mfano wa makasi yaliyofungwa, na ncha zake zikapita mwisho wa tumbo. Kwa hiyo akiwa amekaa huonekana mwembamba na mrefu kuliko alivyo. Alama hii huonekana bila kioo, kutoka hatua mbili, na mimi naiweka mbele ya nyingine zote kwa mtu aliyeko zizini. Upungufu wake ni mmoja: haifai kwa nzi aliyekufa, kwa sababu mabawa ya maiti hukaa yanavyotaka.

Ya tatu ni mdomo. Mbung'o ana mrija unaochomoza moja kwa moja mbele ya kichwa, hata akiwa hali. Chini ya kichwa, mrija huo unaanzia kwenye kivimbe kinachofanana na kitunguu kidogo. Pande zake mbili umekumbatiwa na vipapasi vya mdomo vyenye urefu karibu sawa na wenyewe, kwa hiyo ukitazama haraka unaona kitu kimoja kinene. Wakati wa kunyonya, mrija peke yake hushuka na kuzama kwenye ngozi. Vipapasi hubaki juu, vimenyooka.

Ya nne inahitaji kioo. Kwenye vipapasio vya kichwani kuna unywele mmoja mrefu, na unywele huo una vinyweleo upande mmoja tu, wa juu. Hadi hapo hata chafuo anayo. Lakini kwa mbung'o kila kinyweleo nacho kimechanua matawi. Hakuna nzi mwingine anayeuma ng'ombe hapa Rufiji mwenye pambo hilo.

Ya tano ndiyo iliyoipa sura hii jina. Bawa la nzi limepitiwa na mishipa, na mishipa hiyo huligawa katika vyumba. Katikati ya bawa la mbung'o kuna chumba kimoja ambacho mshipa wake wa mbele haukunyooka: unapinda ghafla kwenda juu, kisha unaendelea na safari. Mpindo huo hukifanya chumba kiwe chembamba upande wa kifuani na kipana upande wa nchani. Ni shoka kamili, lenye mpini na bapa. Chumba hicho kipo kwa kila mbung'o, dume na jike, wa pwani na wa bara, mkubwa na mdogo, na hakipo kwa nzi wa jenasi nyingine yoyote. Uzuri wake ni kwamba huhitaji nzi mzima. Ukiokota bawa moja lililonasa kwenye utando wa buibui dirishani, ukaliinua kwenye mwanga na kuona shoka, umemaliza kazi: mbung'o amepita nyumba hiyo.

Uthabiti wa alama hii umewahi kupimwa kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Florissant, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, kuna miamba ya jivu la volkeno yenye umri wa takriban miaka milioni 34, na ndani yake wamehifadhiwa wadudu kwa wingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu Theodore Cockerell alitambua miongoni mwao nzi mwenye mrija mrefu wa mbele na mishipa ya bawa ya jenasi Glossina, yaani mbung'o. Leo hakuna mbung'o hata mmoja Amerika. Wanaishi Afrika kusini mwa Sahara, na nje ya hapo ni vipande vidogo tu vya Arabuni vilivyowahi kuripotiwa. Lakini waliwahi kuwa Colorado, na bawa ndilo lililoshuhudia.

Sasa wale wanaosingiziwa. Wa kwanza ni chafuo, nzi wa zizini. Yeye naye ana mrija unaotokeza mbele, na hapo ndipo watu hupotea. Lakini vipapasi vyake vya mdomo ni vifupi mno, mabawa yake hukaa yametanuka, mgongo wake una michirizi ya kijivu na tumbo lake madoa meusi. Hupenda kuuma miguu ya ng'ombe, ndiyo maana utaona kundi zima linapiga kwato chini bila kupumzika. Chafuo huzaliana kwenye majani yaliyooza yaliyochanganyika na samadi. Dawa yake ni koleo na toroli: safisha zizi.

Wa pili ni pange. Huyu ni mnene, macho yake yamekula karibu kichwa chote na mara nyingi yana rangi ya kijani inayometa. Hana sindano, ana visu. Hukata ngozi na kulamba damu inayovuja, kwa hiyo akiondoka kidonda huendelea kutoa damu. Pange anayeuma ni jike tu, ilhali kwa mbung'o dume na jike wote huishi kwa damu na hawana chakula kingine tangu kuzaliwa hadi kufa. Kuna jamaa wa pange wenye mabawa ya madoadoa ya kijivu ambao hutua kimya kabisa, na hao ndio wanaochanganywa zaidi na mbung'o porini. Nzi-kupe, yule bapa mwenye ngozi ngumu anayejificha kwenye manyoya ya mbwa na ng'ombe, hana haja ya maelezo marefu, ukimshika utajua. Usubi ni mdogo mno na mgongo wake umepinda.

Msomaji makini ataniuliza hapa: je, chafuo na pange hawaenezi nagana? Wanaweza. Kimelea kimoja, Trypanosoma vivax, huweza kubebwa na damu mbichi iliyobaki kwenye mdomo wa pange au chafuo aliyekatizwa mlo kwa ng'ombe mmoja na kuumalizia kwa wa pili. Ila huo ni uchukuzi tu. Ndani ya mbung'o kimelea hukua, hubadilika na kuongezeka, na nzi akishaambukizwa hubaki hivyo maisha yake yote. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1909 na daktari wa Kijerumani, Friedrich Kleine, akifanya kazi huku huku kwetu, wakati nchi ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kabla yake, mwaka 1895, David Bruce alikuwa ameonyesha kule Zululand kwamba nagana huletwa na mbung'o, lakini wengi walidhani anaibeba kama pange anavyoibeba.

Tukishasema ni mbung'o, kazi haijaisha. Duniani kuna zaidi ya aina 30 za mbung'o ukijumlisha spishi na nususpishi, na eneo hili la Rufiji lina nne. Tofauti zao si za kujifurahisha watu wa makumbusho. Kila moja ina mahali pake pa kuishi, saa yake ya kutoka, mnyama inayempenda na mtego inaoukubali.

Mkubwa wao ni Glossina brevipalpis. Mwili wake huzidi milimita 11 bila kuhesabu mrija, na kwenye bawa lake kuna doa jeusi pale mshipa mdogo wa kukingama unapounganisha mishipa miwili mirefu, doa linaloonekana hata akiwa amekufa siku nyingi. Anakaa kwenye misitu minene ya kando ya maji, anaruka alfajiri na magharibi, na kiboko ni miongoni mwa wanyama anaowanyonya. Kwa mto wenye viboko kama Rufiji, hana shida ya riziki. Mchungaji anayenywesha ng'ombe jua likizama amepanga miadi naye bila kujua.

Wa kati ni wawili, na hawa ndio wanaowatesa wanafunzi. Glossina pallidipes na Glossina morsitans wanalingana kwa mbali: rangi ya kahawia iliyopauka, mistari myeusi iliyokatika kwenye tumbo. Mabawa hayatakusaidia. Tazama miguu. Nyayo za mbung'o zina vipingili vitano. Kwenye miguu ya nyuma, vipingili viwili vya mwisho ni vyeusi kwa wote wawili, kwa hiyo iache. Nenda miguu ya mbele na ya katikati: kwa morsitans, vipingili viwili vya mwisho vina ncha nyeusi, kwa pallidipes vimebaki vya njano, safi. Basi. Nzi wawili wanaotofautiana hivyo tu wana maisha tofauti kabisa. Morsitans ni wa miombo, hupenda ngiri, na hufuata chochote kinachotembea. Ndiye anayelikimbiza gari la watalii ndani ya hifadhi na kuingia dirishani. Pallidipes hupenda vichaka na kingo za misitu, hunyonya mbawala, nyati na ng'ombe, na humkwepa binadamu. Mwanakijiji anaweza kukaa naye jirani mwaka mzima asiumwe, akaapa kwamba kijiji hakina mbung'o, huku ng'ombe wakiisha.

Wa nne ni mdogo, na kwangu mimi ndiye mwenye hadithi kubwa kuliko wote. Glossina austeni ana urefu wa milimita saba au nane hivi, hampiti sana nzi wa nyumbani. Tumbo lake lina rangi ya kutu, na ile mistari myeusi ya wenzake kwake ni hafifu au haionekani. Robert Newstead wa Liverpool ndiye aliyemwandika kisayansi mwaka 1912 na kumpa jina la Ernest Austen wa makumbusho ya Uingereza, ambaye mwaka 1903 alikuwa ametoa kitabu kizima juu ya mbung'o. Ni nzi wa pwani hasa: vichaka vizito vya ukanda wa Bahari ya Hindi, kivuli, nguruwe pori. Haruki mbali, haji ovyo kwa watu, na mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi inayojaa pallidipes asubuhi moja inaweza kukaa kwenye kichaka chake ikabaki mitupu. Mtafiti asiyemjua anafunga vifaa na kuandika kwamba hakumkuta.

Unguja walimjua. Kisiwa kile kilikuwa na spishi moja tu ya mbung'o, austeni. Pemba haikuwa na mbung'o kabisa. Walipogundua kwamba mitego ya kawaida haimpati, walitumia vibao vya buluu na vyeupe vilivyopakwa gundi. Kwanza idadi yake ilipunguzwa kwa kuwapaka ng'ombe dawa ya kuua wadudu. Kisha, kuanzia mwaka 1994, serikali, kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ilianza kumwaga madume tasa kutoka angani kwa ndege ndogo. Nzi hao walizalishwa Tanga, katika kituo cha utafiti wa mbung'o ambacho leo kiko chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, wakilishwa damu kupitia utando maalumu, kisha madume yakapigwa mionzi ya kuyafanya yasizae. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akipandwa na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Madume zaidi ya milioni 8 yalimwagwa hadi mwisho wa mwaka 1997. Mbung'o wa mwisho wa asili alinaswa Unguja Septemba 1996.

Kwa muda wote huo, kila nzi aliyenaswa ilibidi atambuliwe: huyu ni wa kwetu tuliyemwachia, au ni wa msituni? Madume ya Tanga yalipakwa poda ya rangi kabla ya kuachiwa ili swali hilo lijibike. Bila alama hiyo, mpango ule ungekuwa unahesabu nzi wake wenyewe na kulia kwamba haufaulu.

Kila nikisikia mtu akisema Rufiji nayo ifanyiwe kama Unguja, namuuliza: kwa spishi gani? Dume tasa wa austeni hana kazi kwa jike wa brevipalpis. Mbinu ile hulenga spishi moja kwa wakati mmoja, na ilifaulu kwa sababu Unguja ilikuwa na spishi moja iliyozungukwa na bahari. Utete ina spishi nne, na hakuna bahari upande wa magharibi. Kuna hifadhi kubwa yenye nyati, viboko na nguruwe, ambayo kila siku inaweza kurudisha nzi wale wale waliouawa jana.

Njia ya panga na shoka la kweli nayo ina historia yake. Charles Swynnerton, aliyekuwa ofisa wa kwanza wa wanyamapori Tanganyika na baadaye mkuu wa utafiti wa mbung'o Shinyanga mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, aliamini sana ufyekaji wa vichaka. Kitu cha maana kilichotoka Shinyanga, kwa maoni yangu, si ukubwa wa maeneo yaliyofyekwa. Ni ule ujuzi kwamba kila spishi ina uoto wake, kwa hiyo unaweza kuchagua cha kukata na kuacha kingine. Ujuzi huo haukuwafikia wote. Kusini mwa Rufiji, miaka ya 1940, serikali ya kikoloni iliwakusanya Wangindo wa Liwale kutoka vijiji vyao na kuwaweka kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, na ardhi waliyoiacha ikaongezwa kwenye Selous. Watu wakaondolewa, nzi wakabaki, na wanyama wanaowalisha nzi wakalindwa kwa sheria. Sijui jina jingine la mpango kama huo zaidi ya kushindwa.

Turudi kwenye nzi wako, maana bado ana mengi ya kusema. Mgeuze chali. Ukiona mwisho wa tumbo kuna kitufe cha mviringo kilichokunjwa kwa ndani, ni dume. Jike hana. Kisha angalia ukingo wa nyuma wa bawa. Mbung'o mchanga ana ukingo mzima. Kadiri anavyoishi, unachanika kidogo kidogo kwenye majani na miiba. Watafiti wa Shinyanga waligawa mchaniko huo katika ngazi sita, na hadi leo hutumika kukadiria umri wa nzi. Umri si jambo dogo: kimelea huhitaji siku nyingi, wiki kadhaa kwa baadhi ya aina, kukomaa ndani ya nzi, kwa hiyo kundi lenye mabawa yaliyochakaa ni la hatari kuliko kundi la mabawa mapya.

Hata kabla hajawa nzi anatambulika. Mbung'o hatagi mayai. Jike hulea buu mmoja tumboni kwa takriban siku tisa, humlisha humo humo, halafu humzaa akiwa amekwisha kukua. Buu huyo huzama ardhini mara moja na kugeuka pupa, kidude cheusi cha mviringo chenye vinundu viwili mwishoni. Ukichimbua udongo mwepesi wenye kivuli, chini ya gogo lililoanguka au kando ya shina, ukapata kidude chenye vinundu hivyo viwili, umefika chumba cha uzazi. Uzazi wa mmoja mmoja ndio udhaifu mkubwa wa mbung'o. Nzi wa nyumbani hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o aliyeishi maisha marefu ataacha watoto kumi hivi, akibahatika. Ukiongeza vifo vyake kidogo tu kila siku, kwa kuogesha ng'ombe kwa dawa inayofaa au kutundika vitambaa vyenye sumu mahali spishi husika inapopita, idadi yake inaporomoka. Maneno ya kushika ni hayo: mahali spishi husika inapopita. Vitambaa vilivyotundikwa mbugani wakati mwizi wako ni austeni wa kichakani ni mapambo tu.

Ndugu msomaji, hasa wewe unayefuga Mkongo, Utete, Ikwiriri au upande wa Kibiti: ukimkuta nzi anayewauma ng'ombe wako, usimponde. Mfunike kwa kikombe au chupa ya plastiki iliyokatwa, umwache afe kivulini, umfungie kwenye karatasi kavu ili rangi ya miguu isipotee. Kama wapo wengi, baadhi watie kwenye kichupa chenye spiriti kwa ajili ya maabara. Andika kijiji, tarehe, saa uliyomkamata na mnyama aliyekuwa akimuuma, kisha mpelekee afisa mifugo wa kata pamoja na ng'ombe mgonjwa, achukuliwe damu ikapimwe kwa hadubini. Usikubali kuandikiwa dawa ya nagana kwa kutajiwa tu kwamba mbung'o wapo. Na ukiliinua bawa kwenye mwanga usione shoka, acha kumsaka mbung'o. Toa samadi zizini, kisha wakague ng'ombe masikioni na chini ya mkia, kwenye kupe.